Seli za Mzee Hamira

Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hizi zimekukuta umekaa kwenye kiti chako cha kamba, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua, na Mama amekwisha kukuonya usisome kwa sauti kama mtangazaji wa redio. Mwambie namtumia shikamoo yake peke yake, si ya kugawana na wewe. Goti lake linasemaje? Na kifua chako? Najua utajibu kwamba kifua ni chuma, lakini nauliza vilevile, kwa kuwa mwaka jana ulilazwa, na mlio ule wa kupumua kwako bado ninao masikioni. Mimi mwili hauna neno. Nakula vizuri na kazini nafika mapema.

Barua hii nitampa dereva wa lori la unga, yule anayeshusha magunia pale kwenye tanuri lako la zamani, kwa hiyo itakufika Jumanne. Nataka uwe nayo kabla ya Alhamisi, siku ambayo Profesa amepanga kuja hapo nyumbani na kamera yake. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, ungenisamehe kabla hujajua unasamehe nini, kisha ungeniuliza kama huku mvua imenyesha. Safari hii nisikilize mpaka mwisho, Baba. Kuna jambo nimelifanya kazini ambalo linaweza kunitoa pale, na hilo nimekwisha kulikubali. Ninachoogopa ni wewe kuniona mtu mwingine.

Nianze na swali lako la kwanza, maana najua usipojibiwa unamsumbua Mama. Nilikueleza kwamba mwili una walinzi wa aina mbili. Wapo wanaojifunza sura ya adui mmoja na kuikumbuka. Hao ndio tuliozoea kusikia kwamba chanjo huwafundisha. Na wapo wa mstari wa mbele, tunaozaliwa nao, ambao hawajui jina la mtu; chochote kigeni kikiingia wanakivamia na kukimeza. Vitabu tulivyosomea sisi vilisema hawa wa mstari wa mbele hawafundishiki, kila siku kwao ni siku ya kwanza kazini. Siku hizi watafiti wameona kwamba sivyo. Ukiwazindua mara moja, kwa mfano kwa chanjo ya kifua kikuu, wanaweza kubaki macho kwa miezi kadhaa, na akija mgeni mwingine asiye na undugu wowote na kifua kikuu wanamrukia upesi zaidi. Kama hilo linatosha kuwakinga wazee na homa ya mapafu, hapo ndipo wataalamu wanapobishana, na ndiyo sababu tuliwaita ninyi mia mbili mje mchomwe.

Sasa wewe, kwa ule mtego wako wa kuuliza kama hutaki kitu, ukaniandikia: kama mlinzi mwenyewe haishi hata wiki, nani anayekumbuka baada ya miezi mitatu? Nililipeleka swali hilo kwa fundi wa maabara bila kusema ni la nani. Aliweka kikombe chini, akafikiri, akasema aliyeuliza hivyo angefaa kukaa kiti cha mbele darasani. Jibu lake ni kwamba kumbukumbu haikai kwa mlinzi, inakaa kule anakozaliwa, ndani ya uboho wa mifupa. Seli mama zikishatikiswa, wanaozaliwa baadaye wanazaliwa wakiwa tayari wamekunja ngumi. Wewe utalielewa hili kuliko sisi sote. Si ulikuwa ukibakiza donge la unga uliochacha, ukalikandia kwenye unga wa kesho? Mkate wa jana umeshaliwa zamani, lakini uchachu wake umo kwenye mkate wa leo. Nilipompa fundi mfano huo aliuandika kwenye ubao wa maabara, na bado upo.

Swali lako la pili, lile la alama kwenye mkono wako, nimelisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Nitalifikia. Tafadhali usirukie ukurasa wa mwisho, nakujua.

Sijawahi kukueleza sawasawa kazi yangu ilikuwa ipi siku zile za kuchoma sindano. Ulidhani nilikuwa napokea watu, maana uliniona mara moja tu mlangoni. Kumbe mimi nilikuwa chumba cha nyuma, chenye jokofu moja, meza moja na kidirisha cha mbao kinachofunguka kama cha kuuzia tiketi. Nusu yenu mlitakiwa kupata chanjo na nusu maji ya chumvi, ili tuweze kulinganisha, na orodha ya nani apate nini ilipangwa na kompyuta. Chanjo ikishachanganywa inakuwa na ukungu kidogo, maji ya chumvi yanang'aa kabisa, kwa hiyo nilizizungushia sindano zote utepe mweupe, nikabandika namba, nikazipitisha kidirishani. Muuguzi aliyechoma hakujua. Profesa hakujua. Katika jengo zima, aliyekuwa na orodha ile mkononi nilikuwa mimi na mwenzangu wa zamu, tukipokezana, na tulikatazwa hata kukunja uso mbele ya watu wasije wakatusoma. Mwezi mzima nilitembea na uso kama ukuta. Mwenzangu alisema nikiolewa nitamtesa mume.

Kwa sababu chanjo ile huacha kipele na baadaye kovu, mliambiwa mfunike mkono na msionyeshane. Nasikia mlionyeshana vilevile, kule chooni.

Baada ya miezi mitatu ulirudi kutoa damu. Maabara ilitenga zile seli za walinzi, ikazichokoza kwa vijidudu vilivyokufa, ikapima jinsi zinavyopiga kelele. Ilipotimia miezi sita, daftari lilifungwa, orodha ikafunguliwa mezani mbele ya wote. Ulikuwa mchana wa furaha. Wengi waliochomwa chanjo seli zao zilipiga kelele, wengi wa maji ya chumvi zilikuwa zinasinzia. Kisha Profesa akafika namba thelathini na moja, akavua miwani. Mzee wa miaka sabini na mbili, kwenye orodha amepewa maji ya chumvi, na seli zake zina kelele kuliko karibu kila mtu. Huyo ni wewe, Baba.

Lazima ujue kwamba pale kazini tunamwita Profesa Kwanini, ingawa si mbele yake. Mtu huyo hawezi kuona mlango uko wazi asiulize nani ameufungua. Aliamuru vipimo virudiwe; vikatoka vilevile. Akamtuhumu fundi kuchanganya mirija ya damu; mirija ikakaguliwa, iko sawa. Akaituhumu mashine. Akamuuliza kila mmoja wetu, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Ndipo akaja na fomu yako ya maswali, akasoma kazi uliyoifanya maishani, akapiga meza mpaka kalamu zikaruka. Mwoka mikate, miaka arobaini na moja.

Hamira, Baba! Umevuta vumbi la hamira miaka arobaini na moja. Na hapa nikuambie bila kutia chumvi: wazo lake si la kipuuzi. Kwenye maabara wameshaona kwamba kitu fulani katika ganda la hamira kinaweza kuzizindua seli hizi hizi. Kwa hiyo Profesa alikuwa na ufunguo na kufuli vinavyolingana, na mtu wa namna yake akishapata hivyo halali. Akaanza kukuita Mzee Hamira. Akaandika ombi la utafiti mzima juu ya waoka mikate, mia moja, wa tanuri za kuni na za umeme. Akakupigia simu mwenyewe kukuuliza kama mlikuwa mnaoka madirisha wazi au yamefungwa, nawe, kwa maelezo ya Mama, ulijibu kwa saa nzima na kumpa mpaka historia ya lile tanuri lililopasuka.

Mama ameniambia mengine pia. Kwamba sasa unatembea mtaani kifua mbele, kwamba watoto wanakuita Daktari wa Unga, na kwamba umewashauri wazee wenzako wawili wanuse kopo la hamira kila asubuhi. Nilicheka mpaka machozi, kisha machozi yakabadilika. Mama anasema mmoja wao ameacha kwenda kliniki. Mwambie arudi, Baba, leo hii, kabla hujaendelea kusoma.

Na kila barua unauliza habari za Mama Sindano. Yule mshonaji uliyekaa naye kwenye benchi siku ya kuchomwa, uliyempa jina hilo kwa sababu ameshika sindano maisha yake yote lakini ya kwetu aliifumbia macho. Nilikujibu kwamba hajambo. Nilikuficha. Mwezi wa nne aliugua homa ya mapafu, akalazwa siku kumi na saba. Amepona, yuko kwake, mitaa miwili nyuma ya kliniki, lakini pumzi yake imekuwa fupi. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, na akishona mshono mmoja mrefu inabidi aache, apumzike. Sasa anashona vifungo na pindo tu, kazi za mkono. Namba yake ni thelathini na mbili. Kwenye orodha imeandikwa kwamba alipata chanjo, na seli zake zilikutwa zinasinzia, lakini Profesa hakuhangaika naye sana. Alisema kila chanjo ina wasioitikia. Wewe ndiye uliyempagawisha.

Sasa nimefika kwenye alama yako. Umeniandikia kwamba una kovu la duara kwenye bega la kushoto, dogo kama punje ya dengu, na kwamba ulipokuwa unaoga ulijiuliza maji ya chumvi yanaachaje kovu. Ukasema pengine ngozi yako ni laini. Hapana, Baba. Maji ya chumvi hayaachi alama, na Profesa, anayekujua kwa fomu na simu tu, hajauona mkono wako.

Wewe ulichomwa chanjo. Niliyekupa ni mimi, na haikuwa yako.

Kanuni yetu inasema mwenye ndugu kwenye orodha asiandae sindano siku hiyo, amwachie mwenzake. Mwenzangu alikuwa anaumwa jino, shavu limevimba, na mimi nikamwambia aende akaling'oe, nitamaliza peke yangu. Nilijionyesha mwema. Ukweli ni kwamba tangu juzi yake nilikuwa nimeshachungulia orodha, nikaona thelathini na moja ni maji ya chumvi. Ni mimi niliyekubembeleza ujiandikishe. Ni mimi niliyekuambia hii itakusaidia, wakati nilijua fika kwamba nusu yenu hamtapata kitu. Nilikuwa nimekuona kitandani mdomo wazi unatafuta hewa, na nilikuwa na chupa ya chanjo mkononi. Sindano mbili zilikuwa zimelala kwenye sinia, bado sijazibandika namba. Nikabandika thelathini na moja kwenye ile ya ukungu na thelathini na mbili kwenye ile inayong'aa. Hata chai haijaanza kupoa, nimeshamaliza. Kisha nikasaini karatasi kwamba kila kitu kimefuata orodha.

Wakati ule thelathini na mbili ilikuwa namba tu kwangu. Naapa hivyo, ingawa sijui kiapo hicho kinanisaidia nini. Nilipofungua kidirisha kupitisha sinia ndipo nikaona mwenye namba ile kwenye kadi yake kifuani. Alikuwa ameinama juu ya mkono wako wa kulia, ametoa uzi kwenye mkoba, anakushonea kifungo cha mkono wa shati kilichokuwa kinaning'inia, na wewe unamwambia jambo la kumchekesha. Nilikuwa na nafasi ya kurudisha sinia ndani. Nikalisukuma mbele.

Profesa aliponiita na kufunga mlango, aliniuliza kama vibandiko vingeweza kubadilika. Nikamtazama kwa uso wangu ule wa ukuta, nikasema haiwezekani. Kwa neno hilo nimemfanya mtu mwenye akili kuliko sisi sote ajenge nyumba nzima juu ya hewa, na nimekuvisha wewe sifa ambayo si yako. Hilo la sifa linaniuma kuliko nilivyotarajia. Sijawahi kukuona umefurahi vile tangu ulipostaafu. Usiku nimejiambia mara nyingi kwamba pengine hamira nayo ilifanya kazi yake, kwamba huenda vyote viwili ni kweli. Lakini hata hilo sasa haliwezi kujulikana kwako, kwa sababu niliingiza mkono wangu katikati.

Jana Jumamosi nilikwenda kwa Mama Sindano. Nilianza na yeye kwa sababu ndiye niliyemnyang'anya. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa Profesa kabla hajaweka mkoba chini, nitamwambia yote na kumkabidhi maelezo yangu yaliyosainiwa. Huenda Alhamisi asije kabisa. Akija, hatakuja kwa ajili ya hamira, na wewe mpokee kama ulivyokusudia kumpokea, maana hana kosa.

Chumba cha Mama Sindano ni kidogo na kisafi mno. Cherehani imefunikwa kwa kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa ameweka saa na dawa zake. Alinikaribisha kiti, yeye akakaa kitandani akiendelea kupinda pindo la sketi ya shule. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, kwa mpangilio ule ule, bila kujipendelea. Alipinda mpaka mwisho wa uzi, akaukata kwa meno. Kisha akaniuliza yule mwingine ni nani. Nikasema ni baba yangu, yule wa kifungo. Akatunga uzi mpya kwenye sindano. Nilitamani anitukane.

Badala yake akauliza kama uliugua. Nikasema hapana, msimu mzima hata mafua hukupata. Akauliza kama angepata yeye ile sindano asingeugua. Nikamjibu ukweli, kwamba sijui. Kwamba wapo waliochomwa chanjo na wakaugua, na wapo wa maji ya chumvi ambao hawakupiga hata chafya. Kwamba kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kujua, ndiyo maana huhesabiwa watu wengi. Akasema basi mimi nimemchukulia kitu ambacho hata yeye hatajua kamwe kilikuwa kikubwa kiasi gani. Aliyasema bila hasira, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho, na mimi ndipo nilipolia, Baba, kwa sauti, mbele ya mtu niliyemkosea, akalazimika kuinuka kuniletea maji, na alipofika mlangoni akasimama kushika fremu mpaka pumzi imrudie.

Nilipokuwa naondoka alisema bado hajanisamehe na nisimharakishe. Nilimwambia ni haki yake. Aliniambia pia kwamba wewe usijitie kuomba radhi kwa niaba yangu, kwa kuwa hukujua lolote. Ila ameomba jambo moja, na nimeahidi kulifikisha. Namba yake ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa tarakimu kubwa. Anataka umpigie, umsimulie ile hadithi uliyokuwa unamsimulia wakati anakushonea, maana muuguzi aliita namba kabla hujafika mwisho. Anasema anataka kuisikia yote kwa mkupuo, bila wewe kukohoa, ili ajue kwamba dawa yake iko mahali inafanya kazi.

Msalimie Mama sana, na goti lake. Barua hii msomee wewe mwenyewe, kwa sauti, safari hii hatakukataza. Wasalimie na wale wazee wawili, na kopo la hamira lirudi jikoni. Sikuombi unijibu haraka. Lakini mpigie yeye, Baba, hata kama mimi hutaki kuzungumza nami.

Ni mimi mwanao, mwenye kukupenda na kukukosea,

Mdadisi wako